Siku Sita Bila Mashine

Legvari, 30 Septemba 2001

Kaka Anzor,

Mama anasema barua lazima ianze na habari za afya, kwa hiyo naanza nazo. Sisi ni wazima. Ng'ombe mwekundu ana kikohozi lakini anakula. Viazi tumevichimba vyote isipokuwa vya kule juu karibu na mti uliomwangukia baba. Huko mama hataki niende, na yeye haendi.

Mtoto anacheza sana tumboni mwa mama, hasa nikisoma kwa sauti. Daktari wa Mestia ameandika tarehe: mwisho wa Januari, au siku za kwanza za Februari. Halafu alinivuta pembeni mimi, kwa kuwa baba hayupo tena na wewe uko mbali, akasema mama asijaribu kuzalia nyumbani. Aliponizaa mimi alitokwa na damu nyingi, na sasa ana miaka arobaini na moja. Lazima awe karibu na hospitali. Nikasema, ndiyo, daktari. Sikumwambia kwamba Januari iliyopita barabara yetu ilifungwa ikakaa siku thelathini na nne. Nadhani anajua.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Lile shirika la wageni linatoa mashine ya kuondoa theluji kwa kila kijiji cha juu. Ni moja tu, na kijiji kichague chenyewe. Wameleta kitabu cha picha kilichoandikwa kwa Kiingereza na Kirusi, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda na kamusi, nikapewa nikitafsiri. Nimekaa nacho siku tisa. Zimo mashine tatu. Ya kwanza ni lori lenye bapa la chuma mbele. Ya pili ni tingatinga. Ya tatu ni nyembamba, ina minyororo badala ya magurudumu, na mdomoni ina visu vinavyozunguka. Inaitafuna theluji na kuirusha mbali kwa bomba lenye shingo kama ya bata.

Jumapili wanaume walikutana uani kwa kanisa. Mzee Chichiko alisema tingatinga. "Kitu kizito hakibishani na theluji," alisema.

"Na litapita wapi?" Bimurza akamuuliza. "Kati ya mnara wa ukoo wako na ukuta wa kanisa hapafiki mita tatu. Au utamwambia babu yako aliyeujenga asogee kidogo?"

"Mnara una miaka mia nane. Wewe una arobaini na hujaoa bado. Nani asogee?"

Walicheka mpaka shughuli ikasahaulika. Mimi nilikuwa na karatasi yangu, nimeandika kila kitu: upana, uzito, mteremko unaowezekana. Nikasimama. Mtu akadhani nataka kupita, akanipisha. Nikapita.

Wamesema wataamua mwezi ujao. Wewe unaendesha mashine kila siku hapo bandarini. Tafadhali niandikie tuchague ipi. Usiandike kifupi kama kawaida yako.

Mdogo wako,
Mzevinari


Poti, 14 Oktoba 2001

Mzevi,

Nimeisoma barua yako juu ya kreni, nikacheka peke yangu hadi wenzangu wa chini wakadhani nimepata kichaa. Ukapita, eti. Ungeenda tu hadi Mestia.

Haya, sikiliza. Lori lenye bapa linasukuma theluji pembeni. Sasa niambie, barabara yetu ina pembeni gani? Kushoto mwamba, kulia korongo. Bapa likijaa upande wa mwamba, mkia wa lori unasogea upande wa pili, na dereva anamwona mtakatifu wake uso kwa uso. Lori hapana.

Tingatinga lina faida moja kubwa. Likikuta theluji iliyoganda, halijali, linaivunja. Lakini halipiti kwa Chichiko bila kubomoa kona ya mnara, na hakuna mtu Legvari atakayebomoa mnara wa mwenzake. Mnajua hivyo na mimi najua. Basi msipoteze muda.

Inabaki ile nyembamba. Itapita ikishuka na kurudi ikipanda, barabara yote itakuwa safi. Ila kuna mambo. Mwanzo uwe juu, si chini, kwa sababu theluji inayorushwa kwenye kona ya juu huangukia kona ya chini yake. Ukianzia chini utafanya kazi mara mbili. Shingo ya bomba ielekee korongoni kila wakati. Na kubwa kuliko yote: mashine hii haisubiri. Theluji ya leo inaondolewa leo. Ikilala siku mbili inashikana, siku ya tatu inaanza kuwa sakafu, na yakishuka maporomoko yenye mawe ndani, visu vinagonga jiwe. Kuna pini ndogo za chuma laini zinazoshika visu. Zimewekwa zikatike ili giaboksi isife. Kila jiwe, pini moja. Ukiona zinakatika mfululizo, ujue umechelewa.

Wasomee barua hii. Kama unaona haya kusema mawazo yako, sema ni yangu. Tena ni yangu kweli.

Mwambie mama ale nyama. Mwambie nimepata mkataba mpaka katikati ya Machi, ndiyo sababu fedha zinakuja kila mwezi, na ndiyo sababu mimi siji.

Anzor


Legvari, 11 Novemba 2001

Kaka Anzor,

Umeshinda. Au tumeshinda, sijui.

Niliisoma barua yako mbele yao wote, sauti ikitetemeka kama ya mbuzi, lakini niliisoma. Nilipofika kwenye "mashine hii haisubiri," Bimurza akasema, "Hiyo si mashine, hiyo ni bibi Dzabuli." Bibi Dzabuli alikuwa amesimama nyuma na wanawake. Akajibu, "Ningekuwa mashine, huyu Chichiko wangu angekuwa korongoni tangu mwaka wa kwanza wa ndoa." Mzee Chichiko mwenyewe alicheka hadi akapangusa macho. Kisha akasema, "Mtoto wa Tatash anazijua mashine. Tuchukue hiyo nyembamba." Wote wakakubali. Kwa jina la baba, unaona. Si kwa jina la upana wala uzito.

Bimurza ndiye atakayeiendesha. Waliapa mbele ya picha takatifu: mashine ni ya wote, haitavuta nyasi za mtu wala kuni za mtu, na kila nyumba itatoa mtu mmoja wa kushika koleo kwenye kona. Nyumba yetu itanitoa mimi. Mzee Chichiko alitaka kutusamehe kwa ajili ya msiba. Mama akasema hatuombi msamaha.

Bimurza amekuja mara tatu nimsomee kitabu cha maelekezo. Anakaa jikoni kwetu, kofia magotini, anarudia kila sentensi kama mtoto wa darasa la kwanza. Anauliza, "Hapo tena, pale pa pini." Ameshika yote. Kitabuni imeandikwa mashine inakuja na pini kumi na mbili za akiba.

Naandika haya ili usiwe na wasiwasi. Kwa mara ya kwanza tangu Juni nafikiria Januari na usiku nalala.

Mzevinari


Poti, 9 Desemba 2001

Mzevi,

Pini kumi na mbili ni chache. Bimurza aliombe shirika nyingine, na wakimwambia zitafika majira ya kuchipua, aombe tena.

Kingine: mama asingoje mashine. Mashine ni ya barabara, si ya mama. Nimemwandikia shangazi Nanuli hapo Mestia, ana chumba, kutoka kwake hadi hospitali ni kutembea tu. Mama awe ameshuka kabla ya tarehe kumi Januari. Mwambie nimesema mimi. Kwa kuwa baba hayupo, nadhani naruhusiwa kusema hivyo, ingawa nikiandika najiona kama mtoto aliyevaa koti la baba yake.

Niliomba ruhusa ya wiki mbili. Msimamizi akasema nikiondoka kabla ya mkataba kwisha, nisirudi. Nimeuliza mara mbili.

Anzor


Legvari, 9 Januari 2002

Kaka,

Ungeiona. Theluji imeanguka mara nne, na mara nne Bimurza ameanzia juu na kushuka, na ile shingo ya bata inarusha mkanda mweupe hadi ng'ambo ya korongo. Jua likipiga, ndani yake unaona rangi. Watoto wanaikimbilia nyuma. Otia amepanda na gari lake la abiria mara mbili wiki hii, Januari, akasema anahisi kama anaota. Ndiyo maana barua hii itakufikia upesi.

Lakini mama hajashuka, na hatashuka kesho.

Nilimsomea barua yako. Akaendelea kukanda unga. Nikaisoma tena kwa sauti kubwa zaidi.

"Nimesikia," akasema. "Lipanali inaanza tarehe kumi na nane."

"Najua, mama."

"Mwaka wa kwanza. Siku sita za wafu kurudi majumbani, na baba yako anarudi kwa mara ya kwanza, akute mlango umefungwa na mkewe yuko kwa Nanuli anakunywa chai?"

"Mimi nitakuwepo. Nitamwandalia meza."

"Wewe ni binti yake. Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Na barabara?"

"Barabara ina mashine," akasema. "Si mmeichagua wenyewe, wewe na kaka yako?"

Nikaosha mikono nikakanda naye, Anzor. Una jibu wewe? Tumekubaliana hivi: wafu wakishaondoka, tarehe ishirini na nne, Bimurza atatangulia na mashine, Otia nyuma yake, na mama ndani ya gari la Otia. Daktari alisema mwisho wa mwezi. Zinabaki siku kadhaa. Nimezihesabu kila namna na bado zinatosha.

Mzevinari


Legvari, 21 Januari 2002

Kaka,

Hakuna wa kumpa barua hii. Naandika tu ili nisikae bure.

Theluji ilianza Ijumaa jioni, siku ileile tulipofungua mlango na kuwakaribisha wafu. Haijakoma. Na mashine iko bandani, kimya.

Ijumaa mchana mzee Chichiko alipita nyumba hadi nyumba akasema mpaka wageni wetu waondoke, injini isiwashwe kijijini. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wapumzike." Lakini mwaka jana trekta la Bimurza lilinguruma Lipanali nzima na hakuna mfu aliyelalamika. Sijawahi kusikia desturi hiyo, wala sijaisoma popote.

Nilimfuata Bimurza bandani. Alikuwa anapangusa visu vilivyokuwa safi tayari.

"Mjomba, na theluji je?"

"Tutaitoa Lipanali ikiisha."

"Kitabu kinasema..."

"Najua kinavyosema, Mzevi. Ulinisomea mwenyewe." Hakunitazama. "Nenda ndani, mama yako asiwe peke yake."

Jana wanaume walikuja kwetu kumkumbuka baba. Kumi na wawili mezani. Mimi ndiye niliyekuwa nahudumia. Barua yako ya Oktoba ilikuwa mfukoni mwa aproni, ile yenye "haisubiri." Nilikuwa nimeamua. Nikiweka mkate wa nyama, nitasema. Nikaweka mkate. Nikiweka jibini, nitasema. Mzee Chichiko akanitazama kwa upole akasema, "Unataka kitu, binti?" Nikasema, "Hapana, naangalia kama chumvi ipo." Chumvi ilikuwa mbele yangu.

Nimechomeka fimbo uani. Jumamosi sentimita arobaini. Jumapili tisini na tano. Leo mia moja na thelathini.

Mama amependeza. Amevaa gauni la bluu, amemwekea baba sahani pale pake na anazungumza naye polepole akipita. Sijamwona hivi tangu Juni. Nikimtazama siwezi kusema neno, na nikitazama dirishani siwezi kukaa.

M.


Poti, 22 Januari 2002

Mzevi,

Nimeipata ya tarehe tisa. Redio inasema kuna theluji nyingi milimani tangu Ijumaa, nami nakaa hapa kwenye mvua nikimwonea fahari Bimurza. Atakuwa amepanda na kushuka mara kumi. Mwambie asichoke. Mwambie theluji ikizidi sana, ashuke mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri.

Kuhusu mama, nilikasirika, kisha nikafikiri na mimi ningefanya hivyohivyo. Keshokutwa atakuwa kwa Nanuli na haya yote yatakuwa ya kuchekea. Akifika nipigieni simu posta.

Mmeshachagua jina? Akiwa mvulana, mimi nasema Tatash. Sijui mama ataweza kuliita kila siku. Muulize, lakini muulize vizuri.

Anzor


Legvari, 5 Februari 2002

Kaka Anzor,

Barua yako ya tarehe 22 nimeipata jana. Ilikaa kwa Otia kule chini siku zote hizo. Simu ya shangazi Nanuli ulishaipokea, kwa hiyo unajua mama yuko hai na unajua la mtoto. Hujui ilivyokuwa. Nadhani ni lazima nikueleze, kwa sababu nilikuwepo.

Jumatano mvua ilinyesha juu ya theluji, na alfajiri ya Alhamisi ikaganda. Wafu walipoondoka tu, Bimurza akawasha. Kona ya kwanza, ya pili, akapita. Kona ya tatu kulikuwa na maporomoko, marefu kuliko kanisa, na mawe ndani. Tak. Pini ya kwanza. Akashuka, akaibadilisha, akaendelea. Tak. Nilikuwa nyuma yake na koleo, na mimi ndiye niliyeshika kikopo cha pini, kwa hiyo nilizihesabu. Hadi Alhamisi jioni zilikuwa zimekatika saba. Ijumaa tatu. Jumamosi asubuhi ya kumi na moja, adhuhuri ya kumi na mbili. Tulikuwa kona ya saba kati ya kumi na saba.

Bimurza aliketi kwenye theluji. Kisha akachukua msumari mnene akauchomeka mahali pa pini. Nikamwambia, "Mjomba, huo haukatiki." Akasema, "Ndiyo maana." Ulidumu labda mita hamsini. Jiwe likaja, msumari haukukatika, giaboksi ikakatika. Sauti yake ilikuwa ndogo tu.

Jumapili asubuhi uchungu ukaanza. Wakamfunga mama kwenye sleji ya mbao inayovutwa na ng'ombe kwenye theluji, akiwa na ngozi tatu za kondoo na turubai juu. Wanaume kumi na sita walitangulia na makoleo. Hadi kona ya saba tulikwenda vizuri. Baada ya hapo ilikuwa mita kwa mita. Mzee Chichiko ana miaka sabini na sita na alichimba kama wengine. Nilimsikia akijisemea, "Tingatinga, tingatinga."

Kona ya kumi na moja mama akasema tusimame. Bibi Dzabuli akaingia chini ya turubai. Mimi nilishika blanketi upande wa upepo. Wanaume waligeuka wakatazama mwamba. Alikuwa mvulana. Aliishi muda wa kutosha bibi Dzabuli kutuambia ni mvulana. Mama aliendelea kutokwa na damu. Tulifika Mestia giza limeshaingia, na daktari alikuwa mlangoni. Akampokea mama. Nilitamani anigombeze kwanza.

Mtoto tumemzika karibu na baba. Bimurza ndiye aliyechimba. Simsalimii. Nikikutana naye njiani natazama chini, naye anajua, anasogea nipite. Simsalimii mzee Chichiko pia, lakini Bimurza zaidi, kwa sababu yeye alijua. Nilimsomea mara tatu.

Lakini mimi nilijua kabla yake, Anzor. Mfukoni mwangu kulikuwa na barua. Wanaume kumi na wawili, wote walikuwa mezani, mzee Chichiko akaniuliza kabisa unataka kitu, binti. Nikasema chumvi. Wewe ungesema. Niambie kweli, kama ningesema, wangeiwasha?

Nimeambatanisha na ile ya tarehe 21.

Mzevinari


Mestia, 9 Februari 2002

Anzor mwanangu,

Kalamu naishika vibaya, uvumilie. Nanuli alitaka kuniandikia, nikakataa, kwa sababu haya si ya Nanuli.

Usije. Usiache kazi. Nimeanza kukaa. Wiki ijayo wananirudisha nyumbani.

Nasikia Mzevinari hamsalimii Bimurza. Dzabuli alikuja kunitazama, akanieleza. Anampita kama mti. Na Bimurza anakaa kimya, na Chichiko anakaa kimya, kwa sababu niliwaomba wakae kimya na wao ni watu wa neno lao.

Mimi ndiye niliyeomba isiwashwe.

Siku ile ya Juni wewe hukuwepo, na dada yako alikuwa shule. Mimi nilikuwa shamba la viazi. Nilikuwa nausikia msumeno wa injini wa baba yako toka asubuhi. Halafu mti ukaanguka, na msumeno ukaendelea kuunguruma, peke yake, mahali pamoja. Nikajua kwa hiyo. Nilipofika bado ulikuwa unaunguruma karibu na kichwa chake, na mimi sikujua unazimwa vipi. Nilikaa naye hivyo mpaka wanaume walipokuja.

Basi nikawaza, anarudi nyumbani mara ya kwanza, na kitu cha kwanza akisikie kile. Nikaenda kwa Chichiko. Nikamwambia siku sita tu. Bimurza alikuwepo, akasema, "Tsiuri, theluji." Nikamwambia, Bimurza, sijakuomba kitu tangu tumzike. Akavua kofia. Hawakuweza kunikatalia. Mjane na tumbo lake, nani angenikatalia? Nilijua hawataweza.

Hakukuwa na theluji siku niliyoomba. Mbingu ilikuwa safi. Najiambia hivyo.

Dada yako usimwambie. Ana miaka kumi na sita. Awachukie wao kidogo, wao ni wanaume wazima, watabeba. Akinichukia mimi, nyumbani tumebaki wawili tu.

Nimekuambia wewe kwa sababu lazima mtu mmoja ajue.

Mama yako,
Tsiuri


Poti, 24 Februari 2002

Mzevi,

Nimeanza barua hii mara nne. Niliwahi kukucheka kwa kuona haya kusema. Sasa na mimi nimeonja.

Umeniuliza kama wangeiwasha. Wasingeiwasha. Hata ungesimama juu ya meza ukasoma barua yangu na kitabu kizima, kwa Kiingereza na kwa Kirusi. Utasema nimejuaje wakati niko Poti. Najua. Naomba uniamini bila kuniuliza, na najua wewe ni mtu wa kuuliza.

Giaboksi nimeiulizia bandarini. Inatengenezeka, ila ni mpaka kiangazi.

Sasa ombi. Msalimie Bimurza. Usingoje aanze yeye, hataanza. Sikwambii umsamehe, nakuambia umsalimie tu. Fanya hivyo kwa ajili yangu kama huoni sababu nyingine.

Kaa na mama. Asikae peke yake jioni. Mimi nitafika mkataba ukiisha, na tukikaa wote watatu labda itakuwa rahisi zaidi kuzungumza kuliko kuandika. Labda isiwe rahisi.

Kaka yako,
Anzor


Legvari, 10 Machi 2002

Kaka Anzor,

Nimefanya ulivyoniomba.

Nilimkuta bandani. Mashine ameifungua yote, vipande ameviweka juu ya gunia kwa mpangilio, kubwa hadi ndogo. Nikasema, "Habari za asubuhi, mjomba." Nilisema polepole, nikadhani hakusikia, kwa hiyo nikarudia.

Akasimama. Akavua kofia, akaishika vilevile alivyokuwa akiishika jikoni kwetu. Kisha akasema, "Kwa hiyo mama yako amekuambia."

Mimi sikuelewa. Lakini alikuwa ananitazama kwa namna ambayo niliona aibu kusema sijui. Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo.

"Afadhali," akasema. "Mungu ni shahidi, Mzevi, afadhali. Usimlaumu. Tungemkatalia vipi?"

Nikasema, "Ndiyo, mjomba." Nikaondoka. Nilifika hadi ukuta wa kanisa, nikaketi kwenye theluji.

Sasa niko jikoni. Mama yuko chumba cha pili, anakunja nguo ndogo zile, amezitoa sandukuni tena. Mlango uko wazi, namwona mgongo. Nikimwita atageuka. Nimeshafungua mdomo mara mbili.

Ilikuwa aniambie nini, Anzor?

Mzevinari